Kodi ya Mafuta ya Taa na Bei ya Dizeli

Vingunguti ni kata ya Wilaya ya Ilala, Dar es Salaam, kando ya mto Msimbazi na karibu na viwanda vya Barabara ya Nyerere, ambayo zamani iliitwa Barabara ya Pugu. Malori ya dizeli hupita huko mchana kutwa, na katika nyumba za jirani vibatari na majiko ya utambi yalitumia mafuta ya taa kwa miaka mingi. Mafuta haya mawili yamekaribiana kwa asili yake, lakini kodi zake zilikuwa mbali mbali sana.

Mpaka katikati ya mwaka 2011, kila lita ya dizeli ilitozwa ushuru wa bidhaa wa shilingi 314, pamoja na shilingi 200 za Mfuko wa Barabara. Jumla shilingi 514. Mafuta ya taa, kwa kuwa ni ya matumizi ya maskini wala hayakukusudiwa magari, yalitozwa ushuru wa shilingi 52 tu. Basi mfanya biashara aliyetia lita moja ya mafuta ya taa katika dizeli, akaiuza kwa bei ya dizeli, alijipatia shilingi 462 ambazo mnunuzi alidhani zimekwenda serikalini. Dereva alidhulumiwa mara mbili: alilipa kodi isiyofika barabarani, tena pampu ya injini yake ikaharibika, maana mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama dizeli.

Ulaghai huo ulijulikana kwa jina la kuchakachua. Wakati wa uchaguzi mkuu wa mwaka 2010 neno hilo lilikuwa limekwisha toka vituoni, likisemwa hata juu ya kura. Mwaka huo huo Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianza kutia vinasaba katika mafuta, ili yaliyolipiwa kodi yatambulikane.

Juni 2011 Waziri wa Fedha, Mustafa Mkulo, alileta dawa nyingine katika bajeti. Ushuru wa dizeli ulishushwa hadi shilingi 215, na wa mafuta ya taa ukapandishwa hadi shilingi 400.30. Ukijumlisha zile 200 za barabara, dizeli ilibaki na shilingi 415. Tofauti ikawa kama shilingi 15, faida isiyostahili taabu ya kuchanganya.

Kwa hesabu hiyo kodi ya dereva ilipungua shilingi 99 kwa lita, na ya mwenye kibatari ikaongezeka shilingi 348.30. Gharama ya kuzuia ulaghai haikumwangukia mlaghai, bali mtu asiye na gari. Wengi waliachana na mafuta ya taa. Mkaa ukabaki ndio tegemeo la jikoni.

Leo, katika bei zitangazwazo na EWURA kila mwezi, mafuta ya taa huandikwa pamoja na petroli na dizeli, na bei zake hukaribiana. Asiyejua habari za mwaka 2011 aweza kudhani kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.