Ndege Zilizotua Mtoni

Mwezi uliopita, baada ya mafundisho, kijana mmoja wa hapa Obokote alitusimamisha mlangoni akasema: "Mwalimu, babu anasema zamani eropleni zilikuwa zikitua majini kama bata. Ni kweli, ama ni hadithi tu?" Wenzake wakacheka. Tulimjibu kwamba babu yake hasemi uongo, tukamwahidi kuziandika habari hizo. Maana hata watu wazima wengi hawajui ya kuwa safari za ndege za abiria katika Kongo zilianzia juu ya maji, wala si juu ya nchi kavu.

Eropleni ya namna hiyo haikuwa na magurudumu ya kutulia. Chini yake ilikuwa na tumbo kama la mashua, lililoundwa lipate kuelea na kukata maji. Ilipotaka kuruka, ilikimbia juu ya mto au ziwa mpaka tumbo likabanduka majini. Hapo ndipo penye shida, kwa kuwa maji hushika. Siku ya maji matulivu kama kioo yalishika zaidi, na rubani alifurahi kuona mawimbi madogo. Tena akishuka juu ya maji ya kioo, hakuweza kupima vema kwa macho yuko juu kiasi gani. Gogo moja lililozama nusu lilitosha kulipasua tumbo lote.

Wazee wa Kindu walikuwa na haki ya kusema kwamba ndege za maji zilipita kwao, ingawa hazikupita zikiruka. Katika vita ya kwanza ya dunia Wabelgiji walipeleka ndege nne za maji Ziwa Tanganyika, wapigane na meli za Wajerumani. Zilishushwa Matadi mwanzoni mwa mwaka 1916 zikiwa zimefungwa katika makasha. Zikaenda kwa reli, zikapanda mto kwa meli hadi Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, zikapanda tena reli hadi Ponthierville (Ubundu), zikaja Kindu kwa mto, na kutoka Kindu zikashika reli ya Kongolo. Ndipo zikafika ziwani. Mwezi wa Juni mwaka huo huo ziliangusha mabomu Kigoma.

Vita ikaisha, na Wabelgiji wakafikiri: kama ndege za maji zimeweza kazi ya vita, mbona zisiweze kubeba barua na watu? Mto Kongo umelala kama barabara pana katikati ya msitu. Kukata kiwanja cha ndege msituni ni kazi ya miezi mingi, lakini mto hauhitaji kukatwa. Tarehe 1 Julai 1920 ikafunguliwa njia iliyopewa jina la Mfalme Albert, kutoka Léopoldville hadi Ngombe. Mwaka 1921 ikafikishwa Lisala, na baadaye Stanleyville, safari ya kilomita 1,700 hivi. Ilikuwa mojawapo ya njia za kwanza za ndege za abiria katika Afrika yote. Meli iliyopanda mto hadi Stanleyville ilihesabu majuma. Ndege ilihesabu siku.

Lakini msomaji asidhani zilikuwa ndege kubwa. Zilikuwa za mbao na kitambaa, zenye injini moja na nafasi ya watu watatu tu, rubani akiwa ndani ya hesabu hiyo. Joto na unyevu wa nchi yetu viliipinda mbao na kuilegeza gundi. Mwaka 1922 njia ile ikafungwa. Shirika la Sabena lilipoanzishwa mwaka 1923 na kuja kufanya kazi Kongo, lilitumia ndege za magurudumu na viwanja vya nchi kavu. Na kwa nini ndege za kwanza ziliishia Stanleyville, zisije Kindu? Mtu yeyote aliyepita Ubundu anajua. Juu ya Kisangani yako maporomoko saba, moja baada ya jingine, na rubani mwenye injini moja hapendi kuona chini yake maji yanayochemka juu ya mawe.

Waingereza walizileta kubwa zaidi. Juni 1937 kampuni yao ya Imperial Airways ilianza kupeleka ndege za maji kutoka Southampton hadi Durban. Kila moja ilikuwa na injini nne na uzito wa tani 18 hivi. Zilifuata mto Naili, zikatua Port Bell karibu na Kampala, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, na kuendelea kusini. Serikali yao ilitaka barua za dola zote ziende kwa ndege bila malipo ya ziada, na mizigo mizito hiyo ilitaka ndege nzito, wakati viwanja vya kuzibeba vilikuwa haba. Abiria walikuwa wachache na wenye fedha. Usiku walilala hotelini, kwa kuwa ndege ilisafiri mchana.

Ndege moja ya hizo, jina lake Corsair, ilitufikia Kongo pasipo kukusudia. Tarehe 14 Machi 1939 ilitoka Port Bell kwenda Juba. Chombo chake cha redio cha kuonyesha njia kilikuwa na kasoro, ndege ikapotea. Mafuta yakakaribia kwisha. Kapteni Alcock akauona mto mwembamba chini yake, akatua. Ulikuwa mto Dungu, karibu na Faradje, zaidi ya kilomita 200 kutoka Juba. Mwamba ukalipasua tumbo la ndege, lakini akawahi kuikimbiza ukingoni, na hakuna aliyekufa.

Mafundi wakaletwa, wakaifanya kazi miezi kadhaa. Julai wakajaribu kuirusha, ikagonga mwamba tena. Kisha vita ya pili ikaanza, nao Waingereza hawakutaka kuiacha ndege ya thamani vile. Mto ulikuwa mdogo mno, basi wakaamua kuukuza. Watu wa Faradje na vijiji vya jirani wakajenga boma la miti na mawe kuuzuia Dungu, maji yakapanda, miamba ikafunikwa. Tarehe 6 Januari 1940 Kapteni Kelly Rogers akairusha. Kijiji kilichozaliwa na kazi ile Wazungu walikiita Corsairville.

Tuseme wazi tunavyoona sisi. Majina ya makapteni wawili tumeyaandika hapa, kwa sababu yameandikwa vitabuni. Majina ya waliosimama ndani ya maji na kubeba mawe hayamo katika habari hizo, na kijiji kikapewa jina la ndege. Kijana wetu alipoisikia habari hii aliuliza: "Na wale waliojenga, walipewa japo nafasi ya kuipanda?" Hawakupewa. Siku ile ndege ilipunguzwa uzito, na hata wakati wa kawaida haikuwa ya watu kama wao. Lakini pasipo mikono yao Corsair ingaliozea mtoni.

Vita yenyewe ilileta ndege za maji Léopoldville. Desemba 1941 Waamerika wa Pan American walianza kufika huko kwa ndege kubwa za Boeing. Mwanzoni mwa Januari 1942 ikatua nyingine iliyokuwa njiani kwenda New Zealand Wajapani walipoipiga Pearl Harbor, ikabidi kurudi kwao kwa kuizunguka dunia. Kutoka Léopoldville, ikiwa imejaa mafuta, iliruka kwa shida ikiyakimbilia maporomoko, ikavuka bahari hadi Brazil.

Vita hiyo hiyo ndiyo iliyoziua. Majeshi yalijenga viwanja virefu vya ndege mahali pengi duniani, na vilipobaki tupu, ndege za magurudumu zilikwenda kasi zaidi kwa gharama ndogo. Waingereza walirudisha njia ya maji mwaka 1948, kupitia Port Bell na maporomoko ya Victoria hadi Vaaldam karibu na Johannesburg, lakini Novemba 1950 wakaifunga kabisa. Corsair ilikuwa imekwisha vunjwa mwaka 1947 na kuuzwa kama chuma chakavu.