Kanisa la Moravian Unyamwezi: Uamsho kwenye Njia ya Misafara

Historia ya Kanisa la Moravian katika nchi ya Wanyamwezi husimuliwa kwa kawaida kuanzia mwaka 1898, wamisionari wa kanisa hilo walipokabidhiwa kituo cha Urambo. Mwaka ni sahihi. Lakini anayeishia kwenye tarehe za wageni kuja na kuondoka hawaoni watu waliolibeba kanisa lenyewe.

Urambo ilikuwa imeonja Injili kabla yao. Mwaka 1879 daktari Mwingereza, Ebenezer Southon wa London Missionary Society, alipokewa na Mtemi Mirambo, yuleyule aliyewatikisa wafanyabiashara wa Kiarabu wa Unyanyembe, eneo la Tabora, na kuifunga njia ya Ujiji alipotaka. Mirambo alimruhusu kujenga, na urafiki ukaota kati yao. Southon alifariki mwaka 1882 kutokana na jeraha la risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Mirambo naye akafariki Desemba 1884. Shirika lilivumilia miaka mingi kwa mavuno haba, kisha likawaachia Wamoravian, ambao tangu 1891 walikuwa wamekwisha kuanza kazi kule Rungwe.

Wageni hawa walikuwa watoto wa uamsho. Mwaka 1722 wakimbizi wa imani kutoka Moravia walipata hifadhi katika ardhi ya mtukufu mmoja aitwaye Zinzendorf, huko Ujerumani, wakajenga kijiji cha Herrnhut. Wakagombana vibaya. Tarehe 13 Agosti 1727 walikutana kwenye Meza ya Bwana, wakapatana, na kuanzia mwaka huo wakapanga zamu za maombi, usiku na mchana, zilizodumu zaidi ya miaka 100. Mwaka 1732 wawili wao walisafiri hadi kisiwa cha St Thomas, katika Karibi, kuwahubiria watumwa. Naliona hilo kuwa jambo kubwa kwa Tabora, mji ambao misafara ilipita na pembe za ndovu pamoja na watu waliofungwa minyororo.

Kutoka Urambo kazi ilienea hadi Sikonge, Kitunda, Ipole na Usoke. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, mzigo wa mpagazi ukahamia kwenye behewa, na Wamoravian wakafungua kituo mjini mwaka huohuo. Miongoni mwao alikuwapo Edmund Dahl, aliyeisikiliza lugha ya Wanyamwezi kwa makini hata kanuni ya sauti inayojulikana na wanaisimu wa lugha za Kibantu ikapewa jina lake. Kamusi yake ya Kinyamwezi ilitoka mwaka 1915, Vita ya Kwanza ya Dunia ikiwa imeshapamba moto.

Vita hiyo ndiyo iliyolipima kanisa. Wajerumani waliifanya Tabora kuwa mahali pa kuwafungia wamisionari Waingereza, pamoja na walimu wa Kiafrika wa Kianglikana, ambao waliteswa na kufanyishwa kazi ngumu kwa kushukiwa kuwa upande wa adui. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia mjini. Wafungwa wakatoka, na sasa ikawa zamu ya wamisionari wa Kijerumani kuondolewa. Sharika za Unyamwezi zikabaki mikononi mwa walimu na wazee wa kanisa wenyeji. Hawa ndio waliokusanya watu Jumapili, wakafundisha watoto na kuzika wafu, katika nchi iliyochoshwa na njaa, maradhi na uchukuzi wa lazima wa majeshi. Wamoravian wa Denmark walipochukua kazi hiyo katika miaka ya 1920, walikuta kanisa lipo. Kwangu huo ndio uamsho wa kwanza wa Unyamwezi, ingawa haukuwa na mikutano mikubwa wala mhubiri mashuhuri.

Chini ya Wadenmark, Sikonge ilijulikana kwa hospitali yake na huduma kwa wagonjwa wa ukoma.

Miaka ya 1930 uamsho mwingine uliwaka Gahini, Rwanda, ukiwa na mizizi katika urafiki wa Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church. Ukavuka hadi Bukoba, kisha ukaenea Tanganyika: watu wakaungama hadharani, wakarudisha walivyoiba, wakaitana ndugu bila kujali kabila. Viongozi wengi wa makanisa waliuogopa, wakidhani utaleta mafarakano, na mahali pengine kweli uliyaleta. Lakini Mmoravian anayeijua Herrnhut hawezi kuuona kuwa kitu kigeni. Kuungama na kupatana ndiko kulikolifufua kanisa lake mwaka 1727.

Uongozi nao ukawajia wenyeji. Teofilo Kisanji, aliyezaliwa mwaka 1915, akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa Wamoravian nchini; chuo kikuu cha kanisa kilichoko Mbeya kimepewa jina lake. Mwaka 1980 alitoa kwa Kiswahili historia fupi ya Kanisa la Kimoravian Tanganyika Magharibi, iliyochapishwa Kipalapala, kwenye kiwanda cha Wakatoliki nje kidogo ya Tabora. Anayetaka kuandika habari za walimu wale wa mwaka 1916 aanzie humo, kisha aende kwenye vitabu vya ubatizo vya sharika kongwe, akaulize majina yao mmoja mmoja.