Nepi, Klorini na Bwawa la Watoto

Kanuni inayotaka mtoto mchanga avalishwe nepi maalumu kabla ya kuingizwa katika bwawa la kuogelea ilichelewa kuzaliwa, kwani mabwawa ya umma yalikuwa yamekwisha kutumika kwa zaidi ya miaka 100 kabla haijaenea. Mabafu yaliyojengwa na halmashauri za miji ya Uingereza kufuatia sheria ya mwaka 1846 yaliendeshwa kwa kujaza na kumwaga, maana yake maji mapya yalitiwa bwawani, yakaogelewa siku kadhaa hadi yakachafuka, ndipo yakabadilishwa. Kiingilio kilikuwa cha juu siku ya maji safi na kilishuka kadiri maji yalivyozidi kuwa machafu, kwa hiyo maskini ndio walioogelea katika uchafu ulioachwa na wenye uwezo. Hata hivyo, mtoto wa winda hakuwa miongoni mwa wateja waliofikiriwa na wajenzi wa mabwawa hayo.

Utaratibu huo wa kujaza na kumwaga ulibadilishwa na uchujaji, ambao ni kuyapitisha maji katika mchanga na kuyarejesha bwawani, na pia klorini, kemikali ya kuulia vijidudu, iliyotumika katika bwawa la Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani mwaka 1910. Wasimamizi waliiamini klorini kwa sababu nzuri, kwa kuwa katika maji yenye miligramu 1 ya klorini kwa kila lita, bakteria wengi wa matumboni hufa katika muda usiozidi dakika moja.

Imani hiyo ilikuwa imara pale wazazi walipoanza kuwaleta watoto wadogo zaidi majini. Virginia Hunt Newman alichapisha nchini Marekani kitabu chake cha kufundisha watoto wachanga kuogelea mwaka 1967, na katika miongo iliyofuata madarasa ya namna hiyo yalienea huko na Ulaya. Wakati huohuo nepi za kutupa zilikuwa zikichukua nafasi ya nepi za kitambaa, na kuanzia miaka ya 1980 zikatiwa chembechembe zinazonyonya maji na kugeuka utelezi mzito. Nepi ya namna hiyo ikizama bwawani hunyonya maji ya bwawa lenyewe, huvimba, humlemea mtoto, na ikipasuka humwaga utelezi wake majini. Nepi ya kuogelea, iliyoingia madukani mwishoni mwa miaka ya 1990, haina chembechembe hizo. Huacha mkojo upite, na hutegemea mpira wa kiunoni na mapajani kuzuia kinyesi kigumu. Kinyesi cha majimaji ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo historia hii inapokuwa nzito.

Mwaka 1907 mtafiti Ernest Edward Tyzzer alikuwa ameeleza kimelea cha tumboni mwa panya kiitwacho Cryptosporidium, nacho hakikuripotiwa kwa binadamu hadi mwaka 1976. Kimelea hicho husafiri ndani ya ganda gumu linaloweza kustahimili kiwango kilekile cha miligramu 1 ya klorini kwa lita kwa zaidi ya siku 10, nacho hutoka kwa wingi mno katika choo cha mtu anayeharisha, hivyo mtoto mmoja anaweza kuliambukiza bwawa zima ambalo vipimo vyake vyote vya klorini ni sahihi.

Pale klorini ilipopungua, hata bakteria dhaifu walipata nafasi. Mwaka 1998, katika bwawa la watoto la kituo kimoja cha michezo ya maji karibu na Atlanta, bakteria aina ya E. coli O157:H7 waliwaambukiza watu 26 waliothibitishwa maabara, na mtoto mmoja akafariki. Katika mlipuko wa Cryptosporidium wa mwaka 2007 jimboni Utah, ambapo wagonjwa takriban 1,900 walithibitishwa, maofisa wa afya walifika hadi kuwazuia watoto wa chini ya miaka 5, pamoja na yeyote anayehitaji nepi, wasiingie katika mabwawa ya umma. Hatua hiyo ilikuwa kali, lakini ilikuwa ya kweli kuliko mabango yaliyowafanya wazazi waamini kwamba nepi ni kinga, kwa maana watafiti wa Marekani waliozijaribu nepi hizo kwa vitufe vidogo vyenye ukubwa wa kimelea walionyesha mwaka 2011 kwamba zaidi ya nusu ya vitufe hivyo hutoka majini ndani ya dakika moja.

Ndiyo sababu miongozo ya Marekani haikuishia kwenye vazi. Mtoto anayeharisha hatakiwi kuingia majini hata akiwa na nepi, na aliyeugua Cryptosporidium husubiri wiki 2 baada ya kupona. Nepi hukaguliwa kila saa na kubadilishwa mbali na ukingo wa bwawa. Kinyesi kigumu kikionekana, watu hutolewa, nacho huondolewa na klorini hushikiliwa kwenye miligramu 2 kwa lita kwa dakika 25. Kikiwa cha kuhara, kiwango hupandishwa hadi miligramu 20 na bwawa hufungwa kwa karibu saa 13.