Chupa kuukuu ufuoni: ijue umri wake kabla hujaiuza

Kusi likivuma kwa nguvu, bahari hula kingo za fuo zetu na kufukua kilichozikwa. Kuanzia Vanga hadi Lamu, wavuvi na watoto huokota chupa nzito za kijani au samawati, na mara nyingi huishia mkononi mwa mtalii kwa bei ya soda. Muuzaji hajui alichouza, na pengine hakuwa na haki ya kukiuza.

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chombo chochote kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Vya namna hiyo vilivyolala ardhini ni mali ya serikali, na havitoki nchini bila kibali. Kwa hivyo swali la kwanza kwa mwenye chupa ni umri, wala si bei. Chupa yenyewe hujibu, ukijua pa kutazama.

Mshono. Pitisha kucha ubavuni. Ukikuta mstari unaopanda kutoka chini hadi juu ya mdomo, chupa hiyo kwa kawaida ni ya mashine, yaani ya karne ya 20. Mashine ya Michael Owens, iliyofanya kazi yote bila mpulizaji, ilianza Marekani mwaka 1903. Mshono ukikomea shingoni, mwili ulipulizwa ndani ya kalibu na mdomo ukamaliziwa kwa mkono. Hiyo ni ya zamani zaidi.

Kitako. Kovu la mviringo lenye makali katikati ni alama ya fimbo ya chuma iliyoshika chupa fundi akitengeneza mdomo. Kovu hili lilipungua sana katika nusu ya pili ya karne ya 19.

Mdomo. Ukingo wa kubana kizibo cha bati, kile cha soda za leo, haukuwepo kabla ya mwaka 1892, William Painter alipopata hataza yake. Mdomo mnene wa kupachikwa ulitumia kizibo cha gome.

Umbo. Chupa yenye shingo iliyobanwa na gololi ndani ni ya soda. Ni kazi ya Mwingereza Hiram Codd, miaka ya 1870, na India bado wanaitumia. Yenye kitako cha yai, isiyoweza kusimama, nayo ni ya soda: ililazwa ili kizibo kisikauke. Ya pembe nne, pana mabegani na nyembamba chini, ni ya jini ya Kiholanzi. Ni jini la kunywewa, si la kuogopewa, na umbo lake liliziwezesha kupangwa vizuri kreti.

Usidanganywe na rangi. Kijani kilikuwepo zamani na kipo leo. Ngozi inayometa kama upinde wa mvua ni dalili ya kioo kulika kwa unyevu, kwa hivyo usiisugue. Loweka chupa kwenye maji baridi yasiyo ya chumvi, uyabadilishe mara kadhaa, kisha uiache ikauke kivulini.

Wala usidharau vigae. Kule Manda na Shanga, wachimbuzi walipata vipande vidogo vya vioo kutoka Mashariki ya Kati, na ndivyo vilivyosaidia kuonyesha biashara ya miji hiyo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kipande hicho kingetolewa mahali pake bila maelezo, kingekuwa taka.

Hapo ndipo hasara yetu ilipo. Chupa bila mahali pake ni pambo tu. Ukiiona, usichimbe. Piga picha ikiwa hapo hapo, andika tarehe na jina la mahali, pamoja na vitu vilivyo karibu. Ikiwa dalili zinaonyesha ni ya kale, sheria inakupa siku 7 kuarifu Makavazi ya Kitaifa. Mombasa nenda Fort Jesus, na Lamu nenda makavazi ya mjini.

Zile za mashine, weka dirishani au uza upendavyo, ni halali yako. Hizo nyingine ni amana ya wajukuu, na wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.