Iliki na Vyura wa Derema

Wajerumani walipoiona Usambara Mashariki miaka ya 1890 waliamini kwamba msitu mnene kiasi kile lazima umekalia udongo tajiri. Wakafyeka, wakapanda kahawa, Derema likiwa mojawapo ya mashamba yao ya mwanzo. Kahawa ikawaangusha. Udongo ule una tindikali, na sehemu kubwa ya rutuba ilikuwa katika miti waliyokwisha kuikata. Baadaye ikaja chai, ambayo haichukii tindikali, na mpaka leo ukipanda kwenda Amani unaiona vilimani.

Iliki iliingia kimyakimya. Yenyewe inataka kivuli, hivyo mkulima huacha miti mirefu, huondoa vichaka na miche ya chini, kisha hupanda penye unyevu. Kwa mbali utaapa kwamba ni msitu. Chura hadanganyiki.

Vyura wa milima hii wana masharti. Arthroleptides martiensseni huishi kwenye miamba ya vijito viendavyo kasi, na viluwiluwi wake hung'ang'ania mawe yaliyolowa. Tope likishuka kutoka shambani, hawana pa kushika. Callulina kreffti hutaga nchi kavu. Nectophrynoides tornieri hatagi kabisa: huzaa vitoto vilivyokamilika. Hawa wawili hawahitaji kidimbwi, ila majani yaliyooza yasiondolewe na ardhi isikauke. (Ninayempenda mimi ni Hoplophryne rogersi, ambaye wanawe hukulia katika maji yaliyotuama ndani ya mianzi na kwenye makwapa ya majani ya mgomba.)

Amani ilitangazwa hifadhi mwaka 1997. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja zamu ya Derema, kwa kuwa inaiunganisha Amani na misitu ya kaskazini. Zaidi ya wakulima elfu moja, wa vijiji kama Kwezitu na Msasa, walitakiwa kuiacha iliki yao. Fidia ilikokotolewa kwa mazao yaliyosimama shambani.

Hapa ndipo ninapogombana na lugha ya ripoti, zinazopenda kusema wananchi "walishirikishwa". Iliki ilikuwa ada ya shule, bati la nyumba, nauli ya hospitali, msimu baada ya msimu. Fidia huliwa mara moja. Maji ya milima hii hushuka kwa mto Zigi hadi bwawa la Mabayani, yakanywewa Tanga mjini. Sijui mnywaji gani wa Tanga aliyewahi kuulizwa achangie chochote kwa ajili ya Kwezitu. Bado naamini vijito vile vilistahili kulindwa. Bili ndiyo iliyopelekwa nyumba isiyo yake.

Mwaka 1926 Arthur Loveridge, Mwingereza aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la Harvard, alikusanya vyura Usambara Mashariki. Miongoni mwao alikuwemo mmoja mdogo aliyepewa jina mwaka 1928: Parhoplophryne usambarica. Sayansi inamjua kwa kielelezo hicho kimoja tu, nacho kimehifadhiwa Marekani. Anayetaka kumtafuta itambidi apekue majani chini ya miti hiyohiyo, pamoja na pale ilipokuwa iliki.