Fundi wa Redio na Gitaa la Umeme

Natumaini kila mmoja ana karatasi yake mkononi, ili afuate kwa macho haya ninayoyasema.

Wengi wenu mmeliona dansini sanduku lile linalokaa nyuma ya mpiga gitaa, lenye spika na vifungo vya kuzungusha. Jina lake ni amplifaya, yaani mtambo wa kukuza sauti. Leo tutasoma jinsi mtambo huu ulivyokuzwa na mafundi ambao kazi yao ilikuwa kutengeneza vitu vya watu vilivyoharibika.

Zamani gitaa lilikuwa na shida kubwa. Katika bendi za dansi za Marekani, tarumbeta na ngoma zililimeza kabisa, na mpiga gitaa alitoka jasho bure. Mwaka wa 1932 kampuni moja ya Los Angeles ilianza kuuza gitaa la umeme pamoja na sanduku lake. Masanduku ya siku zile yalikuwa madogo na dhaifu. Yakiharibika, yalipelekwa kwa fundi wa redio, kwa sababu vitu vilivyomo ndani ni vile vile vya redio.

Katika mji wa Fullerton, jimbo la California, alikuwako fundi wa namna hiyo, Bwana Leo Fender, aliyezaliwa mwaka wa 1909. Alikuwa mweka hesabu, mwenye jicho moja zima, na umeme alijifunza mwenyewe. Mwaka wa 1938 alikopa dola 600 akafungua duka la kutengeneza redio. Gitaa hakujua kulipiga! Lakini kila siku alifungua masanduku yaliyokufa, akaona yamekufa kwa nini.

Mwaka wa 1946 akaanzisha kampuni yake, na humo masanduku aliyoyaunda yalikuwa ya kumpendeza fundi mwenzake. Ukifungua skrubu za ubao wa nyuma, valvu zote ziko mbele ya macho yako. Ndani imebandikwa karatasi inayoonyesha kila valvu inakaa mahali gani. Vile vipande vidogo vimepangwa juu ya ubao mmoja, safu kwa safu, si kama waya za shaghalabaghala. Aliwapa wapiga muziki masanduku wakafanyie kazi, kisha alisikiliza malalamiko yao.

Sasa tuangalie nini huharibika. Valvu ni chupa ya kioo yenye uzi wa waya unaopata moto kama taa. Umeme mdogo wa gitaa huingia, ukatoka mkubwa. Valvu huchoka kama taa inavyochoka, lakini huchomolewa na kuwekwa nyingine. Kapasita ni kama mtungi unaohifadhi umeme. Zile kubwa hukauka ndani baada ya miaka mingi, na sanduku huanza kuvuma hata gitaa likinyamaza. Kifungo kikikwaruza, mara nyingi ni vumbi tu.

Hapa shikeni neno moja. Umeme wa nyumbani ni kama volti 230 au 240, lakini ndani ya sanduku hili huweza kupita volti 400. Tena ule mtungi hubaki umejaa hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Fundi anayejua huumaliza kwanza umeme huo polepole kwa kifaa cha kuzuia umeme, akapima kwa mita, na mkono mmoja huuweka mfukoni ili umeme usipite kifuani. Asiyejua asifungue.

Spika nayo ina karatasi inayotikisika. Mwezi wa Machi 1951 bendi ya kijana Ike Turner ilisafiri kwa gari kutoka Mississippi kwenda Memphis, kurekodi kwa Bwana Sam Phillips. Njiani amplifaya ya mpiga gitaa Willie Kizart iliharibika. Wengine husema ilianguka, wengine husema ililowa mvua. Fundi hakupatikana, na siku ya kurekodi haikuweza kungoja. Basi wakajaza karatasi penye ile spika iliyopasuka, wakapiga hivyo hivyo. Gitaa likakoroma kwa sauti nzito ambayo haikuzoeleka. Wimbo huo, “Rocket 88”, ukawa wa kwanza katika orodha ya muziki wa watu weusi wa Marekani mwaka ule ule. Baadaye wapiga gitaa walitafuta mkoromo ule kwa makusudi.

Huko London masanduku ya Fender yalikuwa ghali sana. Bwana Jim Marshall, mwalimu wa ngoma mwenye duka, aliombwa na wateja wake awapatie kitu cha bei nafuu. Mwaka wa 1962 fundi wake wa dukani, Ken Bran, na kijana Dudley Craven walichukua mfano wa amplifaya ya Fender iitwayo Bassman, wakaunda ya kwao. Iliwezekana kwa kuwa ile ya Fender ilisomeka kama kitabu. Ila valvu na spika walitumia zilizopatikana Uingereza, na kwa hiyo sauti ikawa nyingine, kali zaidi.

Redio za valvu zimekwisha madukani zamani, lakini valvu za gitaa bado hutengenezwa, katika nchi za Urusi, Slovakia na China. Na masanduku ya Fender ya miaka ya 1950 bado yapo yanayofanya kazi, kapasita mpya ndani, karatasi ya valvu imebandikwa pale pale.