Ruzizi, Lukuga na Mantiki ya Kutengua Hitimisho

Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858 wakitafuta chimbuko la Nile, fumbo lao kuu lilikuwa Mto Ruzizi, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika: unatoka ziwani au unaingia? Habari ya mfanyabiashara Hamid bin Sulayyim ilieleweka kwanza kuwa unatoka, na Burton akajenga tumaini juu yake. Lakini huko Uvira wenyeji waliwaambia kuwa unaingia, na hoja yote ikaanguka, ingawa wageni hao hawakufika mlangoni mwa mto. Wenyeji walisema kweli, kama David Livingstone na Henry Stanley walivyojionea mwishoni mwa 1871, waliposafiri kwa mtumbwi kutoka Ujiji.

Kutengua hitimisho kwa namna hiyo, jambo la kila siku kwa binadamu, kuliwatatiza sana wataalamu wa akili mnemba, kwa kuwa katika mantiki ya kawaida lililokwisha kuthibitishwa haliondolewi na habari mpya. Mwaka 1979 Jon Doyle alieleza mfumo unaohifadhi kila hitimisho pamoja na sababu zake, ili sababu ikianguka, kila kilichoitegemea kipitiwe upya. Na mwaka 1980 Raymond Reiter alitunga mantiki ya chaguo-msingi, yaani ya kanuni zinazofuatwa maadamu hakuna habari inayozipinga. Kanuni ya aina hiyo ilitumika Tanganyika zamani: ziwa ambalo maji yake hayana chumvi nyingi huchukuliwa kuwa lina mahali pa kutolea maji, na kwa kuwa Ruzizi haukuwa mahali hapo, ilibidi pawepo pengine. Verney Cameron alipapata Mei 1874, katika Mto Lukuga, ufukwe wa magharibi.

Hata hivyo Stanley aliukuta Lukuga mwaka 1876 umezibwa na tope na majani, ilhali Edward Hore, mmisionari wa Ujiji, aliukuta mwaka 1879 ukitiririka kwa nguvu kuelekea bonde la Kongo. Wote wawili walikuwa sahihi, kwani ziwa lilikuwa limejaa hata likabomoa kizuizi, kisha kina kikashuka na maji yakaondoka mbali na ufukwe wa zamani wa Ujiji. John McCarthy na Patrick Hayes walishughulikia ugumu huohuo mwaka 1969, walipoifunga kila kauli kwenye hali ambamo ni kweli, hata kauli kwamba Lukuga umeziba na kauli kwamba unatiririka zikaweza kuhifadhiwa pamoja bila kupingana.